Forosadi za Bibi

Juni iliyopita nilikuwa natoka kununua unga wa muhogo Grant Street, hapa Buffalo ninakoishi siku hizi, nikakanyaga forosadi. Zilikuwa zimetapakaa njiani chini ya mti, watu wanazikwepa wasichafue viatu. Mimi, rafiki yangu, niliinama nikaokota moja, nikaifuta kwenye shati, nikala. Utamu ulikuwa ule ule wa majimaji, na kikonyo kile kile kinachobaki ulimini. Papo hapo nikawa na miaka kumi, nyuma ya apatimenti zetu za Highview, kule Louisville, nimeshika beseni na Bibi ananiambia nisikanyage shuka.

Sisi ni Warundi wa kambini. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi Kigoma, nikaletwa Marekani nikiwa na miaka sita. Baba na Mama walifanya kazi za zamu kwenye maghala, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi. Bibi hakuwa mlevi, lakini kukosa pombe ya ndizi kulimuuma kuliko baridi. Kwetu neno zito halisemwi kwa koo kavu. Ukija kuposa, ukija kumaliza ugomvi, mwenye nyumba anakutolea kinywaji kilichotengenezwa na mikono ya nyumba yake, na anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, ujue hakina sumu. Ndipo mnaongea.

Aliwahi kujaribu kwa ndizi za dukani. Alizivundika chini ya kitanda changu, na siku ya nne harufu ikamleta meneja mlangoni. Baba, mlokole wa kutegemewa, akamwambia ni mbolea ya maua. Hatukuwa na ua hata moja.

Aliyemwokoa Bibi ni jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja Mmarekani mweusi aliyestaafu. Nyuma ya majengo palikuwa na uzio wa waya uliomezwa na vichaka, na katikati yake mforosadi mkubwa. Jirani akamweleza, mimi nikitafsiri: jaza forosadi kwenye chupa ya mdomo mpana, tia sukari, mimina jin mpaka zizame, funika, weka gizani miezi miwili au mitatu.

"Haikamuliwi? Haifukiwi?" Bibi akaniuliza mara mbili.

Nikamwambia hapana.

"Basi hii ni pombe ya wavivu," akasema, na siku hiyo hiyo akamtuma shangazi kununua jin.

Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Shangazi, binti yake wa mwisho, alikuwa amepata mchumba Whitehall, kule Columbus, na wakwe wangekuja Septemba. Kati yao angekuwepo nyanya wa huyo mchumba, ambaye kambini alikuwa jirani yetu. Huyo ndiye aliyewahi kukikataa kibuyu cha Bibi mbele za watu. Mwanawe alikuwa amekufa kwa maumivu ya tumbo, na kwa kuwa siku iliyotangulia alikunywa kwetu, maneno yakaanza. Hakuna aliyethibitisha chochote. Watu walisema tu lisemwalo lipo, wakaacha kunywa kwa Bibi.

"Akinywa huyu tu," Bibi aliniambia chini ya mti, "nitakufa nikiwa mtu."

Tulichuma wiki mbili. Tulitandika shuka kuukuu, Bibi akatikisa matawi kwa mpini wa fagio, nami nikakusanya. Tulichambua wadudu, tukaosha, na vidole vyetu vikaenda kanisani na rangi ya zambarau. Baba alikubali chupa ikae ndani kwa sharti isiitwe pombe, yeye aliiita "ile dawa". Ikakaa kabatini nyuma ya gunia la mchele, na jin ikawa inakolea rangi, mpaka ikafanana na divai ya meza ya Bwana.

Sasa sikia kosa langu. Bibi akijilaza mchana, mimi nilifungua ile chupa nikachota forosadi kwa kijiko. Zilikuwa tamu na zinachoma. Siku moja nililala mpaka jioni, Bibi akanikanda kwa mafuta akidhani malaria imenifuata Marekani. Agosti ilipokwisha, nusu ya matunda hayakuwepo tena, na mimi nikaingiwa na hofu. Kwenye uzio ule ule palikuwa na mmea wenye vishada vya matunda meusi yanayong'aa, na vikonyo vyekundu. Nikaamua ni mnavu. Kambini tulikula mboga ya mnavu karibu kila siku, na matunda yake meusi yalikuwa peremende zetu watoto. Huu ulinizidi kimo, lakini nikajiambia Marekani kila kitu ni kikubwa. Nikajazia chupa, nikaifunga, nikasahau.

Siku ya wakwe ikafika. Viti viliazimwa kanisani, Mama akapika pilau na ndizi kwa maharage, watoto tukafukuzwa nje. Nilikuwa napaka kucha kwa maji ya yale matunda meusi jirani aliponiona. Alinishika mkono akaniuliza kama nimeyatia mdomoni. Ndege wanayala, akasema, lakini binadamu hulazwa hospitali, na wapo wasiotoka.

Sikumbuki nilivyopanda ngazi. Nakumbuka sebule imejaa suti na vitenge vipya, Bibi amesimama na glasi ndogo, na yule bibi wa Whitehall ameketi mbele yake anautazama mkono wa Bibi ulioshika glasi. Nikinyamaza, Bibi anakunywa. Nikisema, nitakuwa nimelitamka mimi lile neno lililomfuata tangu Kigoma. Nilisema kwanza kwa Kiingereza, maana ndicho kilichonitoka kila nilipoogopa, na wazee hawakuelewa. Glasi ilikuwa imefika mdomoni nilipopata Kiswahili changu.

"Bibi, usinywe. Kuna sumu. Niliweka mimi."

Baba akainuka. Bibi alimzuia kwa mkono, akaiweka glasi mezani, akaniuliza polepole. Nikaeleza yote, wizi wa forosadi, mnavu usio mnavu, maneno ya jirani, huku kamasi zinanitiririka. Bibi akashika ukingo wa meza. Sijawahi kumwona mdogo vile.

"Basi limenikuta tena," akasema.

 Yule bibi wa Whitehall akaniita, akanishika vidole, akavigeuzageuza.

"Mwenzangu," akamwambia Bibi, "nyumba ambayo mtoto anashindwa kuficha wizi wa matunda, sumu ingefichwa wapi miaka yote hii?"

Akaniachia vidole, akaendelea:

"Nina kiu. Nimetoka Columbus alfajiri. Nipe chochote cha mkono wako."

Bibi akaimwaga jin yote kwenye sinki. Akachukua glasi nyingine, akaiosha mara tatu, akakinga maji ya bomba. Akaonja kwanza. Yule bibi akayanywa yote, kisha akaigeuza glasi juu chini ili kila mtu aone. Ndipo habari za shangazi zikaanza.

Bibi ametangulia mbele za haki, na yule mwenzake pia. Nilipita Highview mwaka jana, mforosadi umekatwa, uzio ni mpya, na mlango wa jirani ulifunguliwa na mtu nisiyemjua. Shangazi yuko Whitehall na watoto wanaomjibu kwa Kiingereza. Kwenye posa zetu siku hizi vinywaji huja vimezibwa kiwandani, kila mtu anajifungulia wake. Ni salama, sikatai, lakini roho inaniuma nikiona.

Mimi nimeanza kutengeneza jin ya forosadi tangu Juni ile, naikagua punje moja moja. Wageni wakija naonja kwanza, nao hunicheka kwamba nina uroho. Sijawahi kuwaeleza. Nikishusha glasi huwa nainua macho, namtafuta mtu anayeutazama mkono wangu.