Kuhama na Kuhamia
Mwalimu, jirani yangu hapa Kibuli, alikuwa ameitwa kufundisha katika chuo cha zamani, kwenye mji mdogo wa mlimani. Kila Jumamosi alifunga vitabu vyake kwa kamba ya katani ili aondoke, na ikifika Jumatatu, akiwa hajathubutu kwenda, vidole vyake vyembamba vilikuwa vikifungua mafundo yale yale. Juzi mwanajeshi wa nyumba ya tatu alisimama mlangoni pake.

"Mwalimu, unahama?"

"Nahamia, afande. Chuo kimeniita."

"Mlima ule?" Mwanajeshi alitabasamu. "Nyuma yake ni mpaka wa Kenya. Wanaotoroka nchi hupitia huko."

Mwalimu alicheka naye, kisha akakohoa. Leo anaupaka mlango wake rangi mpya, polepole, jua likiwaka, na anamsalimu kila apitaye ili aonekane kwamba yupo na hahami.