Mguu wa Kupimia

Tangu apasuliwe goti, mama wa nyumba ya mwisho kijijini hupanda mahindi akiwa amekaa. Hukaa kwenye kigoda, akaunyoosha mguu wa kulia usiokunjika tena, akachimba shimo moja kisiginoni na jingine usawa wa kovu. Kisha hukirudisha kigoda nyuma kwa mkono, akiguna, na ole wake atakayeinama kumsaidia. "Niache, baba. Sijafa."

Asubuhi moja mwenyekiti wa kijiji alimwambia mbele ya wote kwamba shamba la ujamaa linataka watu wenye viungo vizima. Kuanzia kesho yeye akapike uji wa watoto. Aliendelea kufukia mbegu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Ndipo bwana shamba akafika na kamba yake ya mafundo kukagua nafasi za mashimo. Mistari ya wenye magoti mazima ilimkunjisha uso, akaamuru irudiwe. Kwenye mstari wa mama yule, kila fundo lilikaa juu ya shimo lake.

Bwana shamba akaikunja kamba. "Shikamoo, mama. Kesho utangulie wewe, wengine wafuate kipimo chako."

"Marahaba." Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali akaomba msaada. "Mwenyekiti, hebu nisogezee kigoda."