Mkono wa Kushoto wa Papa Deusdedit

Deusdedit alikuwa na mkono wa kushoto uliosoma kuliko yeye mwenyewe. Kichwa chake kiliishia darasa la sita kule Bukavu, lakini mkono ule ulikaa miaka minane mbele ya Frère Anselmo, mtawa aliyefundisha fanfari, bendi ya misheni. Frère hakucheka na mtu. Ngoma ndogo ya vijiti ilining'inia kwa mkanda kutoka bega la kulia, ikalalia paja la kushoto, imeinama upande. Kwa hiyo mkono wa kulia ulipiga kutoka juu kama kawaida, na wa kushoto ulilala chali, kiganja juu, kama mtu anayepokea chumvi kwa jirani, kijiti kimekaa katikati ya kidole gumba na cha shahada. Ukigeuza kiganja chini, rula ya Frère ilikufikia kabla hujamaliza kugeuza.

Mkono huo ulipigia maaskofu, ulipigia mawaziri, ulipigia mazishi ya watu wakubwa. Halafu vita vikaja, na mwaka wa tisini na sita mkono huo ukafika Durban ukiwa hauna kitu cha kushika.

Yeye na mkewe Constance walipata chumba Greyville, ghorofa ya tatu, jiko la kushirikiana na watu wengine. Constance alisuka nywele. Deusdedit alivaa kizibao cha rangi ya chungwa akalinda magari ya watu kando ya uwanja wa mbio za farasi. Mtu wa miaka hamsini na miwili, anaitwa "boss" na vijana wanaomtupia sarafu kupitia dirishani, na yeye anaitikia "sharp, sharp", yaani sawa sawa, kama wanavyotaka.

Mstari wa pili wa magari ulikuwa wa Léonidas, Mrundi mmoja mwenye maneno mengi, ambaye binti yake Lyse alisoma shule iliyo ng'ambo ya barabara. Mchana mmoja bendi ya shule ile ilikuwa inajaribu kupiga. Deusdedit alisikiliza akakunja uso kama mtu aliyeuma ndimu.

"Nini tena?" akasema Léonidas. "Ni batoto banacheza."

"Ngozi zimelegea. Hiyo si ngoma, ni godoro."

"Basi nenda ukalale."

Deusdedit akavuka barabara na kizibao chake. Alikuta ngoma saba ambazo hazijaguswa na mtu anayejua tangu sijui lini. Akaomba koleo, akakaza ngozi moja moja, anagonga, anasikiliza, anakaza tena. Mwalimu mkuu, Misis Moonsamy, alisimama mlangoni amekunja mikono. Ngoma ya saba ilipolia kavu kama kuni inayopasuka, alimwambia aje kila Jumanne na Alhamisi mchana. Malipo hayakuwepo, ila chai na mkate. Deusdedit hakuuliza malipo. Siku ile ile mtoto mmoja alimwita "ticha", na neno lile alilibeba mpaka ghorofa ya tatu kama mtu aliyebeba yai.

Sasa, ngoma zile hazikuwa za shule. Hapo ndipo pa kuelewa. Juu kule Morningside palikuwa na kikosi cha ngoma na tarumbeta, vijana wa miaka kumi na miwili mpaka ishirini na mmoja, wana jumba lao, wana kofia za manyoya, wanashindana mpaka Johannesburg. Kikosi si cha shule yoyote, lakini bila shule hakina watu. Shule inamfundisha mtoto kuhesabu hatua na kushika kijiti. Akishaiva, kikosi kinakuja kumchuma. Kwa shukrani kinaiachia shule ngoma zake zilizochoka, zile za zamani za kuning'inia kwa mkanda. Walimu wa shule hunung'unika kwamba wanapanda mahindi yanayoliwa na nyani, ila wananung'unika taratibu, maana ngoma ni za nyani.

Mwezi wa sita mwaka wa tisini na nane, kiongozi wa kikosi akateremka kuja kutazama. Bwana Rudolph, mtu mrefu, mpole, hana dharau. Alisimama dakika kumi akasikiliza watoto saba wa Deusdedit, kisha akawaita pembeni yeye na Misis Moonsamy.

"Nataka shule moja iwe chini ya kikosi," alisema. "Nitaipa ngoma mpya, na mwalimu nitamlipa mimi. Nitarudi mwezi wa tisa kuchagua. Nikipata watoto sita ninaoweza kuwasimamisha na wa kwangu, shule ni hii. Nisipowapata, nitachukua hizi saba niwape wengine wanaozingoja."

Misis Moonsamy akasema hapo hapo kwamba shule haina uwezo wa kununua hata kijiti. Ngoma zikiondoka, bendi imeondoka.

Alipokuwa anakwenda kwenye gari lake, Bwana Rudolph alimshika Deusdedit bega. "Jambo moja tu, mzee. Mkono wa kushoto. Ngoma zetu siku hizi zimelala tambarare kama meza, zimebebwa na chuma kinachovaliwa mabegani. Mikono yote miwili inashika sawa, viganja chini. Wageuze mapema."

"Ndiyo, bwana," akasema Deusdedit.

Kesho yake Constance alirudi na ndoo ya maji akamkuta mezani, sufuria ya kisamvu imefunikwa mbele yake, vijiti mkononi. Wa kulia unasema, wa kushoto umegeuzwa chini na umekuwa bubu. Unagonga, unachelewa, unateleza. Miaka minane ya Frère Anselmo na thelathini juu yake, ukiigeuza inakuwa mkono wa mlevi.

"Sombe yangu iko ndani ya hiyo sufuria," akasema Constance.

Deusdedit akamweleza habari yote. Constance akakaa.

"Basi waambie watoto."

"Niwaambie nini? Kwamba nimewapa mkono mbovu?"

"Waambie mkono umebadilika. Mjifunze pamoja."

"Mwalimu hajifunzi mbele ya wanafunzi wake, maman."

"Papa Deusdedit, mficha maradhi kifo humuumbua. Unajua mwenyewe."

Alijua. Lakini alijua na jambo lingine, kwamba mara moja tu katika nchi hii watu walimtazama usoni wakamwona ni mtu wa kazi yake, na ilikuwa kwa sababu ya mkono huo. Akajiambia kwamba sikio halina macho. Watoto wakipiga vizuri mno, yule bwana atasahau wanavyoshika. Ndivyo alivyojidanganya, na mtu akijidanganya mwenyewe hakuna wa kumfumania.

Mwezi wa saba na wa nane aliwafanyisha kazi kama mafundi. Lyse wa Léonidas, miaka kumi na mitatu, mkimya, meno ya mbele yameachana, alimwita mwalimu wake tonton, yaani mjomba, na alikuwa anawapita wote. Mkono wake wa kushoto ulilala chali pale pale ulipotakiwa, na mlio mrefu wa kuunguruma ulitoka humo bila mshono, kama kitambaa kinachochanwa polepole. Deusdedit alimsikiliza huku amegeukia ukuta, maana hakutaka watoto wamwone uso. Lyse alishasema kwao kwamba ataingia kikosi. Alipima hata kofia ya manyoya kichwani kwa mfuko wa plastiki mbele ya kioo, na Léonidas akaisimulia hadithi hiyo kwa kila dereva aliyeegesha gari.

"Binti yangu ataenda Johannesburg na basi la wazungu," alimwambia Deusdedit. "Wewe utabaki hapa na mimi, tunaangalia Toyota."

"Mimi nitakuwa kwenye basi hilo hilo, mwalimu wake."

"Eish, papa. Basi mimi peke yangu na Toyota."

Mwishoni mwa mwezi wa nane wakaja watoto wawili wengine, Nkanyiso na Thulisile, wadogo wa miaka kumi na miwili. Ngoma za kuwapa hazikuwepo. Deusdedit akawapindulia ndoo mbili za rangi karibu na bomba, akawapa vijiti vilivyovunjika vikafungwa utepe, akawaacha. Hao ni wa mwaka ujao. Hakuwashika mkono hata mara moja. Wakawa wanagonga ndoo zao kwa kuwatazama wakubwa miguu na kwa kusikiliza.

Jumamosi ya kuchagua, Misis Moonsamy alitoa viti. Wazazi walikuja, Léonidas amevaa koti. Watoto saba wakapiga wakiwa wamesimama, wakapiga wakitembea, wakageuka kona zote nne za uwanja bila kupoteza hatua. Bwana Rudolph alipiga makofi, na hayakuwa makofi ya adabu.

Kisha akafungua gari lake akatoa ngoma moja ya kikosi, nyeupe, imelala tambarare kwenye chuma chake. Akamwita Lyse kwanza. Alikuwa ameona ni nani.

Lyse alivaa chuma mabegani, akaweka mikono. Wa kulia ukakaa. Wa kushoto, kiganja juu, ukakosa mahali. Ngoma ilikuwa juu mno na haikuinama kuupokea. Akanyanyua kiwiko mpaka karibu na sikio. Kijiti kikakwaruza ukingo wa chuma, kikaruka, kikaanguka kwenye nyasi. Akakiokota. Akaanza tena, kikaanguka tena.

"Geuza kiganja," Bwana Rudolph alimwambia taratibu.

Akageuza. Ikawa kama kumsikia mtu aliyesema jana na leo hana ulimi.

Akajaribu wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Wote sawa. Uwanja ulikuwa kimya, isipokuwa kule bombani ambako watoto wawili, kwa kuchoka kungoja, walikuwa wanagonga ndoo zao. Bwana Rudolph aligeuza kichwa. Akatembea mpaka pale. Ndoo ni tambarare, na mtoto ambaye hajafundishwa hushika vijiti vyote viwili namna moja, viganja chini. Akawavalisha ngoma nyeupe mmoja baada ya mwingine. Walipiga kitoto, lakini walipiga.

"Hawa wawili nitawachukua," akasema aliporudi. "Hao wengine wanapiga vizuri kuliko wa kwangu, nasema kweli. Ila kuondoa kilichoingia ni kazi ya miaka, na sina hiyo miaka." Akamtazama Deusdedit. "Mzee, si nilikuambia mwezi wa sita?"

Alisema kwa huzuni wala si kwa kufoka, na watoto wote walikuwa pale.

"Aliambiwa?" akauliza Misis Moonsamy. "Papa Deusdedit, uliambiwa?"

"Niliambiwa."

Lyse alikuwa anavua mkanda wa ngoma ya shule. Aliukunja vizuri, jinsi alivyofundishwa, akauweka juu ya ngozi.

"Tonton, ulijua," akasema.

Léonidas alimchukua binti yake wakapita getini, koti lake halina kifungo kimoja.

Jumatatu kijana wa kikosi akaja na pikapu kuchukua ngoma saba. Deusdedit alikuwa ameshafika na koleo, analegeza ngozi moja moja, maana Frère alisema ngoma inayokwenda kulala isiachwe imekazwa, itapasuka.

"Achana nazo, baba," akasema kijana. "Zinaenda shule nyingine kesho asubuhi. Zitakazwa tena."

"Nani atawafundisha?"

"Mmoja wetu."

Aliendelea kulegeza. Kijana akangoja kwa heshima mpaka ya saba. Misis Moonsamy alichukua ufunguo wa stoo mkononi mwa Deusdedit akamshukuru, na Jumanne iliyofuata chai haikuwepo.

Léonidas akahamia mstari wa nne wa magari, mbali. Lyse siku za Jumamosi alikaa na Constance kujifunza kusuka. Deusdedit akiingia, binti alisema "jambo, tonton" kwa adabu yote, macho kwenye kichwa cha mteja. Constance hakuwahi kumkumbusha mumewe alichomwambia. Ingekuwa afadhali angemkumbusha.

Mwezi wa kumi na mbili kikosi kikapita barabarani, kimefunga njia toka kwenye robot, taa za barabarani, mpaka geti la uwanja wa farasi. Wenye magari walitoka wakasimama. Nkanyiso na Thulisile walikuwa safu ya mwisho, kofia zimewazidi vichwa, ngoma nyeupe tambarare, mikono minne imeshika sawa. Walipita mbele yake. Huenda walimwona, mtu aliye kwenye safu hageuzi macho.

Deusdedit aliinamisha kichwa akasikiliza kosa. Alilitafuta kwa sikio lote alilopewa na Frère, tangu wanakaribia hadi wanapotelea kona ya Morningside, na hakulipata. Nyuma yake gari lilipiga honi, linataka kutoka. Akaliita kwa mkono wa kushoto, kiganja juu.