Mkalimani wa Damu Yake

Mdogo wangu ndiye aliyejua Kiingereza, kwa hiyo mdogo wangu ndiye aliyenitafsiria ugonjwa wake mwenyewe.

Hatukuona ajabu. Nyumbani kwetu Kyebando kazi ziligawanyika hivyo tangu mama alipomfuata baba kaburini. Mimi, mkubwa, niliacha shule nikakaa mbele ya karai la mafuta sokoni Kamwokya, nikipika mandazi na chapati. Yeye alisoma mpaka chuo cha ualimu. Barua ikija, anasoma yeye. Mwenye nyumba akija, naongea mimi.

Babu yetu aliletwa huku na biashara kutoka pwani, na Kiswahili kikabaki lugha yetu ya ndani. Nje tulisema Kiganda. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini watu hawakuwa wamesahau ni kwa lugha gani askari waliwaamuru walale chini na kutoa saa zao. Ukisema Kiswahili kwenye foleni ya maji, vichwa viligeuka. Tukajifunza kukiacha nyuma ya mlango.

Alianza kwa kuchoka. Kisha fizi zikawa zinatoa damu akipiga mswaki, na miguuni yakatokea madoa ya zambarau, kana kwamba kuna mtu aliyempiga usingizini. Hospitalini wakamtoa damu ya kupima. Tuliporudi kuchukua majibu, tulimkuta daktari mrefu, mtu wa kaskazini, ambaye Kiganda chake kiliishia kwenye salamu. Alizungumza na mdogo wangu kwa Kiingereza, kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Mimi niliitazama karatasi ya maabara juu ya meza: safu za tarakimu, baadhi zimezungushiwa wino.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Damu imepungua. Nile vizuri, nipumzike."

"Maneno yote yale ni kula vizuri?"

"Dada, Kiingereza ni lugha ndefu."

"Basi muulize kama maini yanafaa. Na mboga ya dodo."

Akamgeukia daktari, akasema naye. Daktari alinitazama mimi, si yeye, kisha akajibu taratibu, kama mtu anayechagua pa kukanyaga.

"Anasema yanafaa sana," mdogo wangu akaniambia.

Nikafanya kazi. Damu iliyopungua inaongezwa. Hilo kila mwanamke wa Kamwokya analijua. Nilimpikia dodo asubuhi na jioni, ule mchicha wetu wa kawaida, nikamkamulia maji ya viazisukari vyekundu na nyanya za mti. Maini nilimpa yeye, mchuzi nikabaki nao mimi. Alikunywa kila bilauri mpaka chini, akifuta midomo kwa kiganja.

"Utasikia nikilia mee," alisema siku moja. "Mbuzi gani huyu anafugwa mpaka kitandani?"

"Kunywa."

"Mbuzi wa Idi hulishwa hivi, dada. Naanza kuogopa."

Nilicheka. Yeye pia alicheka, akamalizia.

Kila tulipokwenda kupima, ilikuwa vilevile. Daktari anasema, yeye anaitikia kwa kichwa, mimi napewa kipande kidogo: imepanda kidogo, imeshuka kidogo, tuendelee. Mimi nauliza kuhusu njugu, kuhusu mayai, kuhusu lini atarudi chuoni. Yeye anapeleka maswali yangu kwa Kiingereza, na kila mara daktari ananitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. Nilidhani ananihurumia kwa kutosoma.

Halafu homa ikampata, wakamlaza, wakamtundikia damu ya mtu mwingine. Daktari alipopita wodini, mdogo wangu alikuwa amelala. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mkalimani. Nilimfuata daktari mpaka mlango wa ofisi yake, nikasimama hapo. Maneno machache ya Kiingereza niliyobaki nayo yalitosha kusema kwamba sielewi. Alianza kunieleza, nikapotea tena, na katika kupotea huko nikasema peke yangu, "Mungu wangu, nitamwelewa vipi mtu huyu?"

Daktari akatazama koridoni, akaniingiza ndani, akafunga mlango.

"Dada, wewe najua Kiswahili?"

Nikasema ndicho nilichozaliwa nacho.

"Mimi mzee yangu alikuwa askari. Nilikomaa kwa kambi. Kiswahili yangu ni mbaya, na hapa sisemi, watu napata hasira. Lakini kaa."

"Siondoki mpaka nielewe," nikamwambia. "Nieleze kama unavyomweleza mtu anayepika mandazi, maana ndiye mimi."

Alifikiri. Kisha akaiweka karatasi kati yetu na kidole juu ya tarakimu moja.

"Damu napikwa ndani ya mifupa. Jiko iko huko. Hizi ni nyekundu, nabeba pumzi. Chini sana. Hizi ndogo nafunga kidonda. Hakuna. Ndiyo sababu fizi. Sasa hizi nyeupe ni nyingi, nyingi kabisa. Lakini ni mbichi. Kama mandazi wewe natoa kwa mafuta mapema. Nje ni mandazi, ndani ni unga. Najaza jiko yote, zile nzuri nakosa mahali."

"Ni saratani," nikasema.

"Ya damu. Ndiyo."

"Na chakula?"

"Chakula hapana fika kwa jiko hiyo, dada. Na dawa yenye nguvu, hapa hatuna. Hata ingekuwa, mwili yake sasa hapana weza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Alishangaa.

"Nilisema siku ya kwanza. Yeye alisema wewe umeelewa. Na wewe uliuliza maswali mazuri sana."

"Maswali gani?"

"Uliuliza kama itauma. Mara nyingine, uliuliza kama atakuwa anajua watu wake mpaka mwisho. Mimi nilifikiri, huyu dada ana moyo nguvu."

Nilikaa pale, mikono imelala mapajani. Nilikuwa nimeuliza maini. Nilikuwa nimeuliza njugu. Mdogo wangu alikuwa ameyavua maneno yangu na kuyavika woga wake, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuuweka. Kisha alirudi nyumbani akala dodo.

Nilimuuliza daktari maswali yale mawili upya, kwa kinywa changu, nikayabeba majibu wodini. Mdogo wangu alikuwa ameamka.

"Amesemaje?" akauliza kwa Kiganda, maana wagonjwa walijaa pande zote.

Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida. Vichwa viligeuka, niliviacha vigeuke. "Amesema uache majani."

Akafumba macho. Akajua. "Hatimaye daktari amesoma."

"Amesema ipo dawa ya maumivu, na atakupa kabla hujaomba. Amesema huenda ukalala sana, lakini ukiamka utanijua." Nikamweleza na habari ya jiko, na mandazi mabichi.

"Mimi aliniambia kwa Kiingereza," akasema. "Haikuwa tamu hivyo."

Machozi yalimshukia masikioni. Niliyafuta kwa ncha ya leso. Alikuwa amechoka kuliko nilivyowahi kumwona, na uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Dada, kesho uniletee mandazi," akasema. "Yaliyoiva."

Nikamletea. Alikula nusu ya moja.