Ingobyi ya Kitenge

Asubuhi ile, kwetu Burundi, mimi na Melkiori tulikuwa tunakamua ndizi za pombe. Yeye alikanyaga, mimi nikamtania kwamba kwa miguu ile pombe itachacha kabla ya jioni. Akacheka. "Na wewe mwembamba hivyo, siku nikiugua utanibebaje?" Watu walidhani sisi ni ndugu, nasi tukawaacha wadhani. Tulikuwa wanaume wawili tunaopendana, basi.

Mchana risasi zikafika kilimani kwetu.

Tulikimbia na nguo za mwilini. Karibu na mpaka Melkiori akapigwa pajani.

Alinishika mkono tu.

Huko Keza, upande wa Tanzania, tulikofika akichechemea, alitupokea Bibi Paskazia, mjane mkulima. Hata sijamaliza kumwamkia shikamoo, kashaita wanaume walete ingobyi, machela ya kubebea wagonjwa. Kwa Wahangaza, wenyeji wa huko, kama kwetu, mgonjwa ni wa kijiji kizima. Hata mliogombana naye mtambeba. Wakaja wanne, wakamwinua, tukashika njia ya zahanati.

Njiani tukakutana na mkimbizi mwenzetu, mtu wa kilima chetu. Akatutazama.

"Hao si ndugu," akawaambia wabebaji. "Hao wanaishi kama mke na mume."

Wakamtua chini.

Niliwasihi. Mmoja akafuta bega lake kwa majani, kama aliyeshika kinyesi. Eti laana! Mtu anavuja damu, wao wanaogopa laana. Wakaondoka na ingobyi yao. Mpaka leo nikilikumbuka lile bega napandwa na hasira.

Bibi Paskazia, aliyekuwa anatufuata na maji, akafungua kitenge kiunoni, akakiunga na shuka alilojitanda.

"Inama, mwanangu. Hii nayo ni ingobyi."

Kweli, kwetu neno ni hilohilo: machela ya mgonjwa, na mbeleko ya mtoto. Akamfunga Melkiori mgongoni kwangu.

"Kumbe unaweza," Melkiori akaninong'oneza. Nikacheka huku nalia.

Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni. Ikawa vuguvugu.

Kisha sikuisikia tena.

Pale zahanati muuguzi akamfungua, akamgusa, akainamisha kichwa. "Pole, kaka. Ni nani yako?"

"Ni wangu," nikasema.

Siku hizi nalima Nyabusozi, Biharamulo. Wakiita watu wa kubeba mgonjwa, nakwenda, wala siulizi ni nani. Bega langu natoa kwa yeyote. Mgongo ni wa Melkiori.