Tui Lililokatika Siku Moja Kabla ya Usaili

Kesho yake nilikuwa na usaili wa simu wa kusomea shahada ya pili, na mwaka uliopita nilifeli usaili huohuo kwa swali moja tu: "Tueleze utafiti wako kama unamweleza mama yako." Nilibwabwaja wee, mpaka wakanishukuru. Safari hii nikaapa kwamba mama mwenyewe ataelewa kabla ya magharibi.

Ilikuwa Ramadhani. Mama alikuwa jikoni kwetu Chumbageni, anamenya mihogo ya futari. Akanikabidhi mwiko.

"Koroga tui, usiache. Haya, sema."

"Mama, seli ikishinda na njaa, inajila."

"Toba! Inajila vipi?"

"Inakula makorokoro yake. Vilivyochakaa inavivunjavunja, inatengenezea vipya."

"Na nani anayazoa hayo makorokoro?"

Swali hilo! Nikaacha mwiko, nikaanza kurusha mikono. Kuna protini, nikamwambia, siku zote zimetawanyika ndani ya majimaji ya seli. Njaa ikiingia zinakusanyika, zinakuwa vitone, na penye kitone ndipo unapoanza kushonwa mfuko wa kuzolea taka. Mama kanitolea macho tu.

Nikageukia sufuria. Lahaula, tui limekatika! Mafuta yamejitenga, yanaelea vitone vitone, kimoja kinagusa kingine, vinaungana.

"Mama! Ndivyo hivi! Vinakusanyika hivihivi!" Niliruka, nikacheka, nikamshika kiuno nimchezeshe chakacha.

"Hebu niache! Umeniharibia tui na nazi zimekwisha! Wallahi utalila hilohilo!"

"Na seli ikipata chakula, mama, protini zinatawanyika tena. Vitone vinapotea, kazi inasimama."

Alinuna, akatia mihogo sufuriani kwa kishindo. Nikajua kesho nimekwisha.

Adhana ikalia. Tukakaa mkekani, mihogo na tui lake lililokatika katikati yetu. Mama akachukua tende, akaifikisha mdomoni, akasita.

"Sasa nikila hii, vile vitone vyangu ndio vinatawanyika?"

"Ndiyo, mama."

"Na taka zangu zilizobaki je?"

Alhamdulillahi! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikashindwa hata kushika kikombe cha uji.

"Zitangoja kesho, mama. Si tunafunga tena?"

"Haya." Akaila tende yake, akatema kokwa. "Na hao wako kesho wakijifanya hawaelewi, nipe mimi hiyo simu."