Kizunguzungu na Boga Mgongoni

Siku aliyoingia yule Mzaramo chumbani mwangu akanililia kama maiti, mwanangu, hata sasa nikiikumbuka mwili unanisisimka! Kaa vizuri nikusimulie, maana nasikia nawe umeshikwa na kizunguzungu na umegoma kutoka kitandani. Umegoma! Haya, sikiliza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mume wangu alifanya kazi reli hapa Tabora, tukikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, mlango kwa mlango. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, Petro, ndiyo kwanza anaacha kunyonya. Nikapata mafua makali na homa. Homa ikapoa, lakini asubuhi moja nafumbua macho, nyumba nzima inazunguka. Paa linakwenda huku, kitanda kinakwenda kule! Nilitapika mpaka nyongo. Nikisimama, naenda upande, na majirani wengine hawakuchelewa kusema ni pombe. Mimi, mtu wa misa ya asubuhi! Wengine wakasema ni mashetani.

Daktari, Mhindi mmoja mpole, alinipima macho na masikio, akatueleza vizuri kabisa. Ndani ya sikio, alisema, pana mahali panapomjulisha mtu kama yuko wima au ameinama, na ugonjwa umepadhuru upande mmoja. "Siku hizi za kutapika, lala," akaniambia. "Zikipita, inuka. Geuza kichwa, inama, tembea ukishika ukuta. Utasikia kizunguzungu, usiogope. Mwili unajifunza upya, na haujifunzi ukiwa umelala."

Nani alimsikiliza? Kutapika kuliisha, nami nikabaki kitandani, shingo nimeikaza, siangalii kulia wala kushoto, maana nikigeuka tu na dunia inageuka. Mume wangu ananipikia uji, jirani ananifulia. Walinihurumia, Mungu awalipe, lakini huruma ile ilikuwa inanimaliza. Petro akininyooshea mikono nimbebe, nageukia ukutani. Kumbeba mtoto mgongoni lazima uiname, na kuinama ndiko kulikoniangusha.

Basi mama mkwe wangu, aliyekaa Bukene, akaleta habari kwamba Jumapili atakuja na treni amchukue Petro akamlee. Hakuwa na ubaya wowote. Lakini mtoto akishazoea kwa bibi yake, unamrudishaje? Nililia hadi mto ukalowa. Niliinuka? Wapi!

Ndipo akaja Mama Chausiku, mke wa mfanyakazi mwenzake mume wangu. Ndiye yule Mzaramo, mtani wangu. Ninyi siku hizi utani mnaujua kwa maneno tu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu babu zetu walipopeleka pembe za ndovu pwani kwa miguu na kulala kwao, na mtani ana ruhusa zake. Hata msibani anacheka, anabeba vyombo vya marehemu, na huna la kumfanya. Alisimama mlangoni akapiga yowe:

"Uwiii! Mnyamwezi wangu amekufa! Jamani, amekufa hata kuniaga hakuniaga!"

Watu wakaja mbio. Mume wangu akasema, "Shemeji, mbona yu hai?"

"Hai gani huyu? Mtu hai anageuza shingo! Mimi nachukua urithi wangu." Akabeba sufuria yangu kubwa, niliyopewa na mama siku ya harusi, akatoka nayo.

Weee! Hasira zilinipanda, nikashuka kitandani. Nyumba ikazunguka, nikajigonga mlangoni, nikapapasa ukuta, nikamfuata hadi uani. Mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye sufuria. "Lete sufuria yangu, mwizi wa pwani wewe!"

"Kumbe maiti ana uchungu na sufuria!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka. Kisha akanisogelea, akaniuliza polepole, "Na mtoto je? Jumapili utamwachia hivihivi?" Hapo kicheko kiliniisha. Nililia mbele ya watu wote, sikuona haya.

Kesho yake akaja na boga. "Mtoto wako huyu hapa," akasema. Akaniinamisha, akaliweka mgongoni, akalifunga kwa mbeleko. Nilipoinuka nilipepesuka, lakini alinishika kiuno. "Usifumbe macho! Tazama mlango wangu, uje." Nikaenda. "Sasa geuka, tazama mlango wako, urudi." Mtaa mzima unatazama! Boga la kwanza lilianguka likapasuka, akaliombolezea kama mtoto wa mfalme, halafu tukalipika tukala. Kuna siku niliamka vibaya kuliko jana yake, nikasema basi. Akaanza kukunja godoro langu. Nikainuka.

Jumapili mama mkwe akafika. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama? Nenda kalale." Na tayari anafunga nguo za Petro kwenye kanga.

"Mama, ngoja kidogo," nikasema.

Nikainama. Ardhi ikaanza kuyumba, mwanangu, ile ile! Nikakaza macho kwenye mlango wa jirani, nikamvuta Petro mgongoni, nikafunga mbeleko, nikainuka. Nikayumba. Mama mkwe akanyoosha mikono, Mama Chausiku akamzuia. "Mwache aende." Nikaenda hadi nyumba ya mwisho, nikageuka, nikarudi, Petro akinivuta nywele na kupiga kelele za furaha. Mama mkwe alitutazama sana. Halafu akafungua ule mzigo na kuanza kutoa nguo. "Hizi zirudi ndani," akasema. "Mimi nitaondoka na treni ya kesho." Vigelegele vilivyopigwa pale, sijui kama harusi yangu ilipata!

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Nenda hospitali kwanza wajue ni nini. Wakikwambia ni sikio, na zile siku mbaya zimepita, usikae ukikisubiri kizunguzungu kiondoke ndipo uinuke. Inuka nacho. Shika ukuta, tazama mbele, geuza shingo, na siku mbaya isikutishe. Wanaokuhurumia washukuru, ila mtafute na mmoja atakayekutoa kitandani hata kwa matusi.

Mungu akuinue leo, akuinue na kesho dunia ikianza tena kuzunguka, na wanao wapande mgongoni mwako mpaka uwachoke.